Mashauri ya London na Mashauri ya Kampala

Wanachuoni wa biashara hutufundisha ya kuwa shauri la kampuni kubwa hufanyika katika daraja tatu. Daraja ya juu ni ya wakurugenzi, ambao huamua kampuni iingie katika kazi gani na ijiepushe na ipi. Daraja ya kati huamua namna ya kufaulu katika kazi hiyo mbele ya washindani. Daraja ya chini, yaani idara na vituo, hutafuta njia ya kuyatimiza yaliyoamuliwa. Mafundisho haya hudhani kwamba shauri huteremka kama maji ya mlimani. Historia ya Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki yatuonyesha maji yakipanda mlima.

Mwasisi wake alikuwa Sir William Mackinnon, tajiri wa meli. Mwaka 1887 Seyyid Barghash wa Unguja alitoa idhini ya kutawala na kutoza ushuru katika sehemu ya pwani yake, na mwaka 1888 Malkia Victoria akatoa hati. Mtaji uliokusudiwa ulikuwa pauni 250,000. Kwa fedha hiyo baraza la London lilitaka kuchuma faida, kupinga utumwa, na kuwatangulia Wajerumani barani. Halikukata lipi katika hayo matatu lishike mbele yatakapogombana. Kwa maoni yangu, kampuni ilikufa hapo, kabla mpagazi wake wa kwanza hajajitwisha mzigo.

Daraja ya kati ilikuwa Mombasa. George Mackenzie alipofika huko Oktoba 1888 alikuta watumwa watoro wamejaa katika misheni, Rabai na kwingineko, na mabwana zao wamekasirika. Aliwaridhisha mabwana kwa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa uhuru wao. Watu husifu huruma ya tendo lile, na sifa ni haki yake. Lakini lilikuwa pia shauri la mfanyabiashara mwangalifu. Msafara hautoki Mombasa bila wapagazi, na wapagazi hawapatikani bila radhi ya wenyeji wa pwani.

Mambo yalikuwa mengine bara. Frederick Jackson aliongoza msafara mwaka 1889 akiwa na amri ya kutoingia Buganda. Alipokuwa kwa Mumia alipokea barua ya Kabaka Mwanga ya kuomba msaada. Alitii amri, akaenda zake kaskazini kutafuta pembe. Nyuma yake akaja Carl Peters, Mjerumani asiyejali amri ya mtu, akazisoma barua za Jackson, akaenda mbio Mengo kufanya mkataba na Mwanga. Mkataba ule ulibatilika Julai 1890, serikali mbili zilipopatana huko Ulaya. Lakini kila ofisa wa kampuni alijifunza kwamba mwenye kutii huweza kupitwa.

Kapteni Frederick Lugard hakutaka kupitwa. Alifika Buganda Desemba 1890, na kabla mwezi haujaisha Mwanga alikuwa ametia sahihi mkataba, bila kupenda. Mwaka 1891 Lugard akaenda magharibi hata karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, pamoja na jamaa zao wengi, akajenga ngome Toro. Wakati huo huo, London, wakurugenzi walikuwa wakihesabu gharama. Kila mzigo wa Kampala ulikwenda kichwani mwa mtu maili 800 hivi, na bidhaa iliyoweza kulipa safari hiyo ilikuwa pembe tu. Wakaamua kuondoka. Uamuzi wa katikati ya 1891 ulimfikia Lugard mwishoni mwa mwaka, naye alikwisha kupanua kile alichoamriwa kukiacha. Mwenzake, Kapteni Williams, alikuwa tayari kutoa mali yake mwenyewe ili wasiondoke. Mara ikaja habari kwamba marafiki wa misheni Uingereza wamechanga fedha za mwaka mmoja zaidi. Tarehe 24 Januari 1892 vita vikawaka Mengo baina ya Wakatoliki na Waprotestanti wa Kiganda; bunduki ya Maxim ya kampuni ikawasaidia Waprotestanti, na Mwanga akakimbilia kisiwani.

Alfred Chandler aliandika mwaka 1962 kwamba muundo wa kampuni hufuata mkakati wake. Hapa muundo ndio uliouzaa mkakati: bahari, njia ya miguu, na barua ya miezi mingi zilimfanya mwajiriwa kuwa mkurugenzi. Wengi humlaumu Lugard kwa ukaidi. Mimi naona baraza lilimpa bendera, bunduki na makusudi matatu yasiyopatana; alichagua moja, la kuwatangulia wengine, wakati London ilipokwisha kurudia faida.

Tarehe 1 Aprili 1893 bendera ya kampuni ilishushwa Kampala. Mackinnon alikufa Juni mwaka huo. Hati ilirudishwa mwaka 1895, na wenye hisa wakapewa pauni 250,000. Katika hizo, 200,000 zilitoka katika mali ya Sultani wa Unguja, nazo ndizo Wajerumani walizomlipa kwa sehemu ya pwani yake waliyoichukua.