Kati ya Kipimo na Tiba: Uratibu wa Huduma za VVU kwa Walatino wa Marekani, 1985–2022

Historia ya huduma za VVU miongoni mwa Walatino wa Marekani mara nyingi husimuliwa kama suala la lugha: vipeperushi vya Kiingereza vilitafsiriwa kwa Kihispania, na huduma zikawafikia walengwa. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Wapuerto Rico wa New York, ambao ni raia wa Marekani tangu 1917, na Wameksiko wa Los Angeles, ambao wengi wao walikuwa wahamiaji, walizungumza lugha moja. Mbele ya sheria hawakuwa na hali moja.

Tofauti hiyo ilidhihirika mwaka 1987, Marekani ilipoiweka VVU katika orodha ya maradhi yanayomzuia mgeni kuingia nchini. Waombaji wa ukaazi wa kudumu walilazimika kupimwa, na aliyekutwa na virusi aliweza kukataliwa, ingawa sheria iliruhusu msamaha kwa baadhi yao. Kipimo kilichohimizwa na mhudumu wa afya ndicho kilichotumiwa na mamlaka za uhamiaji kumfungia mtu njia. Hofu iliyotokana na hali hiyo isingeweza kuondolewa na tafsiri, hata ingekuwa fasaha namna gani.

Sheria ya Ryan White ya mwaka 1990, iliyopewa jina la kijana wa Indiana aliyefariki Aprili mwaka huohuo, iligharimia matunzo bila kumdai mgonjwa hati za uhamiaji. Hata hivyo, fedha hizo zilipitia idara moja ya serikali, na fedha za kinga zikapitia nyingine, kila moja na masharti na taarifa zake. Aliyepima, basi, mara nyingi hakuwa anayetibu.

Asasi za Walatino wenyewe ndizo zilizosimama katika pengo hilo: Hispanic AIDS Forum ya New York, iliyoanzishwa 1985, Bienestar ya Los Angeles, 1989, na Proyecto ContraSIDA por Vida katika mtaa wa Mission, San Francisco. Wahamasishaji wa jamii, wanaoitwa promotores kwa Kihispania, walimsindikiza mgonjwa kliniki, wakamsaidia kujaza fomu, wakamfuatilia alipokosa kuhudhuria. Kazi hiyo ni vigumu kuihesabu kama vipimo vinavyohesabiwa, nayo ndiyo iliyokuwa uratibu wenyewe. Ilitegemea ruzuku zisizo na uhakika. Proyecto ilifungwa 2005.

Marufuku ya kuingia nchini iliondolewa Januari 2010. Miaka miwili baadaye dawa ya kinga ya PrEP iliidhinishwa, nayo humtaka mtumiaji apimwe mara kwa mara na aandikiwe dawa na mtaalamu. Kinga yenyewe ikawa inahitaji kliniki, jambo ambalo mgawanyo wa fedha wa 1990 haukulitazamia. Mwaka 2022 Walatino, walio takriban asilimia 19 ya watu wa Marekani, walikadiriwa kuwa asilimia 33 ya walioambukizwa VVU upya.