Vipimo vya London, Vipimo vya Ise

Mshonaji anayeagizwa nguo ya kale ana miili miwili ya kuiridhisha: wa mteja aliyesimama mbele yake, na wa marehemu aliyeivaa nguo hiyo kwanza. Huyu wa pili ndiye mgumu, maana hapimiki.

Ukumbi wa maigizo wa Shakespeare's Globe ulipofunguliwa London mwaka 1997, mbunifu Jenny Tiramani aliwavika waigizaji nguo zilizotengenezwa kama enzi za Elizabeth wa Kwanza: kitani, sufu na hariri, mshono wa mkono, hata nguo za ndani ambazo mtazamaji hazioni. Mikato ya namna hiyo ilikuwa imeokolewa na Janet Arnold, aliyezunguka makumbusho akipima nguo zilizosalia, mshono kwa mshono. Kitabu chake cha mwaka 1985 kina michoro ya mikato ya takriban 1560 hadi 1620. Baadhi ya nguo hizo zilitoka makaburini, kama gauni la Eleonora wa Toledo, aliyefariki mwaka 1562 akazikwa Florence.

Je, maandishi ya mafundi wa wakati ule yasingetosha? Mhispania Juan de Alcega alichapisha kitabu chake Madrid mwaka 1580, akionyesha namna ya kupanga vipande juu ya kitambaa ili kisipotee bure. Ni hazina, ila aliwaandikia mafundi wenzake, na waliyoyajua wote hakuyaeleza. Koti fupi la kiume la karne ile, lile la kubana kifua, siri yake imo ndani: tabaka za kitani kigumu, vijazio, mishono ya kuyashikilia yote. Ukiliiga kwa nje tu, linanywea.

Sasa tazama Ise, Japani. Hekalu lake kuu hujengwa upya kila miaka 20. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 690, na mara ya 62 mwaka 2013. Mavazi na vifaa vitakatifu navyo huagizwa upya: aina 714, vitu 1,576. Mteja mkuu ni Amaterasu, mungu wa jua, na hakuna fundi atakayemzungushia utepe kiunoni. Hutegemewa kumbukumbu za maandishi; ile ya mwaka 804 tayari inaorodhesha mavazi yake.

Naamini karatasi imefaa zaidi Ise kwa sababu ya mkato. Mavazi ya Kijapani kwa sehemu kubwa hukatwa kwa mistari iliyonyooka, kufuata upana wa jora. Taja urefu na idadi ya vipande, na fundi amekaribia kuijua nguo nzima. Mviringo wa kwapa la Kiingereza hauandikiki hivyo.

Hata hivyo, wanaoisifu Ise kwa mnyororo usiokatika husahau kwamba vita vya karne ya 15 na ya 16 viliusimamisha ujenzi huo kwa zaidi ya miaka 120. Walioufufua hawakuwa na mzee wa kumuuliza.

Kwa usahihi wa mkato, mimi naiamini London zaidi, kwa kuwa nguo zake huvaliwa. Mwigizaji Mark Rylance alipoigiza Olivia katika tamthilia ya Twelfth Night, gauni lilishiriki kuamua hatua zake. Onyesho hilo lilipofika New York mwaka 2013, watazamaji waliowahi waliwaona waigizaji wakivishwa jukwaani. Kwapa lililokosewa hujulikana mkono unapoinuliwa. Vazi la Ise halipati mtihani huo.

Lakini kuna jambo ambalo Ise imelielewa vizuri kuliko London. Agizo lake linaanzia kwenye uzi: mfumaji na mtia rangi za mimea nao wana kazi, na aliyesaidia akiwa kijana anaweza kurudi miaka 20 baadaye akiwa bingwa. Vitambaa vingi vya leo ni vipana, kwa hiyo fundi wa Ulaya anayetaka ukweli hulazimika kutia kwa makusudi viungo vya vipande ambavyo mwenzake wa kale alivitia kwa sababu jora lake lilikuwa jembamba. Anayegharimia mkato sahihi na amlipe pia mfumaji wa jora jembamba.