Bahari ya Hindi na Mto Lukuga: Ushahidi wa Mvua katika Historia ya Ziwa Tanganyika

Katika miaka ya 1870 wasafiri wa Ulaya walibishana juu ya swali moja: je, Ziwa Tanganyika lina mto wa kutolea maji yake? Verney Lovett Cameron aliufikia Lukuga mwaka 1874, karibu na mahali ulipo mji wa Kalemie leo, akashikilia kwamba maji hutoka hapo kuelekea magharibi, ingawa njia imezibwa na mimea. Henry Morton Stanley alifika mwaka 1876, asione mto wa kweli; ila alitabiri kwamba ziwa likizidi kupanda, kizuizi kitavunjika. Mwaka 1879 Edward Hore, na baada yake Joseph Thomson, waliukuta Lukuga ukitiririka kwa nguvu.

Ubishi huo umezoeleka kusimuliwa kama shindano la kutafuta nani alisema kweli. Tafsiri hiyo haitoshi. Kila mmoja alishuhudia ziwa katika hali ya mwaka wake, na hali hiyo haieleweki vema bila kuitazama bahari.

Mwaka 1877 maji ya Pasifiki ya kati na ya mashariki yalipata joto kupita kiasi, jambo liitwalo El Niño. Pepo za msimu zikapungukiwa na mvua huko India, ambako njaa ya miaka 1876–1878 iliua mamilioni ya watu. Wakati huohuo Bahari ya Hindi nayo iligeuka: upande wa Sumatra ukapoa, upande wa Afrika ukapata joto. Hali kama hiyo inapotokea, mvuke mwingi husukumwa kuelekea Afrika ya Mashariki, na mvua za vuli huongezeka sana. Hivyo ukame wa India na mafuriko ya maziwa makuu yaweza kuwa matunda ya mti mmoja. Utaratibu huo wa Bahari ya Hindi ulielezwa waziwazi na N. H. Saji na wenzake mwaka 1999 tu.

Ushahidi wake haumo katika maandishi peke yake. Matumbawe hukua tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka huhifadhi dalili za joto la maji ya wakati wake. Tumbawe moja la Malindi, nchini Kenya, limewapa wataalamu kumbukumbu ya miaka 194, tangu 1801 hadi 1994.

Hata hivyo shahidi huyo wa baharini asisikilizwe peke yake. Ziwa lina sababu zake. Kwa kuwa mlango wa Lukuga ulizibwa na matope na mafunjo, maji yalikuwa yakipanda hata kabla ya mwaka 1877. Inaelekea mvua kubwa zilimaliza kazi iliyokwisha kuanza. Kizuizi kilipovunjika, ziwa lilishuka mita zipatazo 10 kabla ya mwaka 1900, na ufuko wa Ujiji ukarudi nyuma.

Nchi iliyoachwa wazi ilikaliwa na watu, bandari zikajengwa. Lakini bahari ilirudia. Mvua za mwaka 1961, zilizokuja bila El Niño kubwa, zililiinua ziwa hadi kilele cha mwaka 1964. Mwaka 2019 Bahari ya Hindi iligeuka tena kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata maji yakaingia katika mitaa ya Uvira, Kalemie na Bujumbura.

Kwa hiyo mwanahistoria asomaye habari za Cameron au Stanley hana budi kuuliza si nani tu aliyeandika, bali pia bahari ilikuwaje mwaka ule. Wakazi wa ufukoni nao wana haki ya kulijua jibu, kwani ardhi iliyoachwa na ziwa haikukatwa kabisa katika milki ya maji.