Kanuni Iliyookoa Fremu za Chuma

Mpelekee fundi wa mtaani baiskeli isiyo na breki wala gia, ambayo pedali zake huzunguka muda wote gurudumu linapozunguka, naye atakuuliza ni nani aliyeiharibu. Lakini, ndugu msomaji, wapo watu London na San Francisco wanaoitafuta baiskeli ya namna hiyo kwa udi na uvumba, tena iliyokwisha kutumika. Juma hili naomba tuwatazame watu hao na kile wanachokitafuta.

Baiskeli hizo zinatoka Japani. Mwaka 1948 nchi hiyo ilikuwa bado na majeraha ya vita. Serikali za mitaa zilihitaji fedha za kujenga upya, ndipo ikapitishwa sheria ya kuruhusu kamari katika mbio za baiskeli. Mbio za kwanza zilifanyika Kokura, Novemba mwaka huo huo. Zinaitwa keirin: wapanda baiskeli huviziana uwanjani, kisha hufyatuka kuelekea mwisho.

Penye kamari hapakosi shaka. Aliyeweka fedha yake anataka hakika kwamba mshindi ameshinda kwa miguu, si kwa mashine ya ajabu. Kwa hiyo NJS, chombo kilichoundwa mwaka 1957 kusimamia mambo hayo, kikashikilia kanuni kali: fremu ya chuma, na vipuri vilivyokaguliwa na kugongwa muhuri.

Kanuni hiyo ikazaa jambo jingine. Wakati mbio za dunia zilipohamia kwenye aluminiamu na kaboni, karakana ndogo za Japani ziliendelea kuunga mabomba ya chuma kwa moto, fremu moja moja, kwa vipimo vya mpandaji mwenyewe. Fundi mmojawapo, Yoshiaki Nagasawa, aliyejifunzia kazi Italia, alimtengenezea baiskeli Koichi Nakano, bingwa wa dunia wa mbio fupi mara kumi mfululizo, 1977 hadi 1986.

Mwanamichezo akipata fremu mpya, ya zamani huuzwa, nayo huweza kuvuka bahari. Mnunuzi hukagua muhuri, namba na jina la fundi, kisha huomba Mungu miguu yake ilingane na ya Mjapani asiyemjua.

Mimi siwacheki wapenzi hawa. Ila naona jambo moja: fedha ya fremu kuukuu humfikia muuzaji, haimfikii fundi. Fundi huishi kwa oda mpya. Tayari mbio za wanawake zilizorejeshwa 2012 zinatumia fremu za kaboni. Mbio za kawaida za wanaume ndizo zinazoshikilia chuma. Kanuni ile ikilegezwa, karakana nyingi zitazima moto.

Tunapenda kusema ya kale ni dhahabu. Sawa. Lakini dhahabu hii haichimbwi ardhini. Inatoka mikononi mwa mtu, naye anahitaji kula leo.