Ramani ya Kibera na Daftari za Mashirika

Mwaka 2009, mtu aliyeitazama ramani ya Nairobi katika intaneti aliona Kilimani na Barabara ya Ngong zimechorwa kwa utimilifu, ilhali Kibera, inayokaliwa tangu askari wa Kinubi walipopewa makao huko mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa nafasi tupu. Wala si kwamba haikuchunguzwa: mashirika ya hisani yalikuwa tele, na aghalabu kila moja lilituma watu wake wenye karatasi za maswali, likauliza habari za maji, vyoo na maradhi, kisha majibu likayafungia katika daftari zake au likayapeleka kwa wafadhili wa ng'ambo, na aliyeulizwa asirudishiwe hata nakala. Hiyo naihesabu kuwa dhuluma, ijapokuwa ilitendwa kwa nia njema, kwani dhana ilikalia kiti cha ilimu hata ikanenwa kuwa wakazi wanafika milioni moja, na sensa ya mwaka ule ule ikahesabu 170,070.

Oktoba 2009 Mikel Maron na Erica Hagen wakaanzisha Map Kibera pamoja na vijana 13 wenyeji, ambao walipita vichochoroni wamechukua vyombo vya GPS, wakatia alama mabomba ya maji, zahanati, misikiti, makanisa na vyoo, na yote wakayaweka katika OpenStreetMap, ramani iliyoasisiwa Uingereza mwaka 2004, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuichukua na kuisahihisha.

Programu ya kufungamanishwa na ramani hiyo ilikuwa tayari. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, serikali ilipozuia matangazo ya moja kwa moja, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia waliiunda Ushahidi, ipokee habari za mashambulizi na kuzionyesha juu ya ramani. Na madhali ilitolewa bure, Voice of Kibera, tovuti ya habari za wakazi, iliitumia, hata mkazi akituma ujumbe wa simu, habari yake ikaonekana penye kichochoro chake hasa. Mwaka 2010 iHub, kituo cha wanateknolojia, ikafunguliwa kando ya Barabara ya Ngong, si mbali na Kibera, na waundaji wa programu wakapata baraza.

Lakini bomba la maji halina siri, bali jina la mgonjwa au la aliyeshambuliwa ni amana. Hata Novemba 2019 ndipo Kenya ikapata Sheria ya Ulinzi wa Data, inayoyalazimisha mashirika, ya hisani yakiwamo, kumweleza mtu sababu ya kukusanya taarifa zake, na kumpa haki ya kuziona na kudai zisahihishwe.