Gobori na Kanga: Historia ya Bunduki ya Mnyonge West Nile

Historia ya uwindaji katika West Nile mara nyingi huanza na wanyama wakubwa. Tunasoma juu ya W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo katika eneo la Lado, na juu ya Theodore Roosevelt, aliyekuja mapema mwaka 1910 baada ya kumaliza urais wa Marekani. Roosevelt na mwanawe Kermit waliua vifaru weupe 9 katika safari hiyo, na jina la Rhino Camp bado liko kwenye ramani yetu. Katika insha hii nataka kuzungumzia mnyama mdogo na bunduki duni, yaani kanga na gobori. Naamini bunduki hiyo inatuonyesha nani aliruhusiwa kuwa na nguvu na nani alinyimwa.

Kwanza tuelewe chombo chenyewe. Gobori hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, na mtutu huo ni laini ndani, hauna mifuo ya kuizungusha risasi. Mwindaji humimina baruti, hutia kiziba cha kitambaa, kisha marisau, kisha kiziba kingine, na kushindilia kwa mdeki. Magobori ya kale yalikuwa ya gumegume: jiwe liligonga chuma, cheche ikawasha baruti. Baadaye zikaja fataki. Risasi moja ya gobori hupotea njia upesi, lakini marisau yaliyotawanyika humfikia ndege aliye hatua 30. Huko Marekani walowezi waliwinda bata mzinga wa mwituni kwa bunduki za aina hiyo. Jambo la kuchekesha ni kwamba wataalamu wa Ulaya walimpa bata mzinga jina la Meleagris, ambalo Wagiriki wa kale walimwita kanga.

Bunduki zilifika kwetu kutoka kaskazini. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Khartoum walipanda mto Nile wakitafuta pembe na watumwa, wakiwa na bunduki za kushindilia. Kisha wakaja askari wa Misri chini ya Emin Pasha, waliokuwa na ngome kama Dufile na Wadelai. Wengi wao walibeba Remington, bunduki ya viasi inayojazwa nyuma. Emin alipoondoka na Stanley mwaka 1889, baadhi ya askari wake walibaki, na kutokana nao tunapata sehemu kubwa ya jamii ya Wanubi. Wenyeji wengi, Walugbara kwa Wakakwa, waliendelea kutegemea mishale, mikuki, nyavu na mbwa.

Mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba huo ulizuia pia silaha kuingia Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Arua iko karibu na nyuzi 3 kaskazini, kwa hiyo tulikuwa katikati kabisa. Bunduki zenye mifuo zilihitaji kibali maalumu. Zile ambazo zingeweza kuruhusiwa kuuzwa kwa watu wa kawaida zilikuwa za gumegume, zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida. Sababu iliyotolewa ilikuwa njema, kwani bunduki ziliwasaidia wateka watumwa. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba Mzungu alishika bunduki ya kisasa, na Mwafrika aliachiwa chombo cha zama za babu zake.

Tofauti hiyo ilionekana wazi Lado. Eneo hilo lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki Desemba 1909. Mwaka 1910 likarudi chini ya Sudan, na wawindaji wa pembe wakalivamia. Sehemu yake ya kusini, yenye Arua na Koboko, iliingizwa Uganda mwaka 1914. Tembo walikuwa wamekwenda na wenye bunduki zenye mifuo.

Kanga walibaki. Babu yangu wa Koboko alinieleza jinsi walivyowawinda baada ya mavuno, ndege walipoingia mashambani kuokota mtama na simsim. Kanga hupenda kukimbia kuliko kuruka, na jioni hupanda mtini kulala. Mwenye gobori alisubiri chini ya upepo, kwa sababu alikuwa na mlio mmoja tu. Kabla hajashindilia tena, kundi limeshatoweka. Baruti ikilowa, alirudi mikono mitupu. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumaliza kundi. Ndege mmoja au wawili walipikwa kwa mchuzi wa karanga, na jirani alipelekewa bakuli lake.

Waswahili husema kanga hazai ugenini. Baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979, na hasa kuanzia Oktoba 1980, watu wetu walikimbilia Sudan na Zaire kwa maelfu. Mama yangu alizaliwa huko. Waliporudi, bunduki iliyojulikana kila kijiji ilikuwa AK-47. Mkataba wa amani na UNRF II ulitiwa sahihi Yumbe tarehe 24 Desemba 2002, na silaha zikakusanywa. Babu alipeleka gobori lake kwa hiari. Likawekwa katika rundo moja na bunduki za vita.

Silalamikii kukusanywa kwa silaha. Mkoa uliozika watu wengi hivyo una haki ya kuogopa kila mtutu, na leo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kuwinda bila kibali. Ninachodai ni kwamba tuandike tofauti. Gobori liliruhusiwa mwaka 1890 kwa sababu lilikuwa dhaifu, na udhaifu huohuo uliwaachia kanga nafasi ya kuzaana. Wazee waliolishika wanapungua. Sisi tunaojifunza historia kwa Kiswahili tuna wajibu wa kuwauliza sasa, kijiji kwa kijiji, na kuandika majibu yao.