Kibaigwa na Mtwara: Nani Anaiona Bei?

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika. Ulianzia Kongwa, wilaya ambamo leo umo mji wa Kibaigwa. Mkono wake mwingine ulifika Nachingwea, na kwa ajili hiyo Mtwara ikapata bandari ya kina kirefu na reli. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Udongo mgumu na mvua haba za Kongwa viliushinda, ingawa Wagogo, wakulima wa mtama na uwele, waliijua hali hiyo tangu enzi za babu zao. Reli ya Mtwara nayo iling'olewa.

Baadaye Kibaigwa na Mtwara zilisimama, kila mji kwa desturi yake ya biashara. Kibaigwa inaishi kwa barabara kuu ya Dodoma na Morogoro na kwa soko la kimataifa la mahindi. Hapo mkulima, dalali na mnunuzi hukutana ana kwa ana. Bei isipomridhisha, mwenye gunia ana haki ya kukataa. Lakini dalali huwahi kujua bei ya Dar es Salaam, na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, humnyonya mkulima kilo baada ya kilo.

Mtwara ilikuwa mbali. Masika yalikata njia ya kusini, adha iliyopungua Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mtoni Rufiji mwaka 2003. Kisha mji ukakua kwa kasi kwa gesi ya Mnazi Bay, saruji ya Dangote na korosho. Korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, unapimwa kwa mizani, unapigwa mnada, na bei inaandikwa. Udhaifu wake ni kusubiri malipo. Mwenye shida ya leo humkimbilia mnunuzi wa kangomba, anayenunua nje ya mnada, akauza kwa bei ya kutupa.

Gesi haina desturi hata moja kati ya hizo. Iligunduliwa mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam, lenye zaidi ya kilomita 500, lilizinduliwa 2015. Katikati, mwaka 2013, wananchi wa Mtwara waliandamana kulipinga, na watu wakapoteza maisha. Mkulima wa Kibaigwa akichukia bei hurudi na mahindi yake. Mkazi wa Msimbati, kijiji jirani na visima vya gesi hiyo, hana mzani wala mnada wa kuidai haki yake.

Kwa hiyo naona Kibaigwa, pamoja na kasoro zake, inamheshimu zaidi mwenye mali, kwa sababu bei hutajwa mbele yake. Iige kwa Mtwara mizani na stakabadhi, lumbesa ife. Nayo Mtwara iige uwazi wa Kibaigwa. Madiwani, someni mapato ya gesi kwenye mikutano ya vijiji, shilingi kwa shilingi, na mwonyeshe zilikokwenda. Korosho nazo zibanguliwe kwa wingi hukohuko Mtwara, ili ajira zisisafiri na meli.